Faiba inayoamrishwa kwa programu: uanzie wapi ukiwa Lubumbashi

Ijumaa jioni simu inalia. Ni mteja wa Kolwezi, mtu wa mgodi: anataka gigabiti 100 zaidi, na anataka kujua ni lini. Kwa mtandao wa mwanga wa kizamani jibu unalijua kabla hajamaliza kuuliza. Kadi iagizwe ng'ambo, ipite forodha, gari lijazwe mafuta, fundi alale Likasi, afike Kolwezi, achomeke, apige simu, aambiwe amekosea tundu, achomeke tena. Miezi miwili, ukiwa na bahati. Kwa mtandao unaoamrishwa kwa programu jibu linaweza kuwa Jumatatu, maana kifaa tayari kiko rakini na kilichobaki ni kukiagiza kibebe zaidi.

Linaweza, nimesema. Kampuni moja niliyoifanyia kazi ilinunua programu ya kuongoza mtandao mzima, skrini kubwa ukutani, ramani inayong'aa, na mwaka mzima ukapita bila kubadilisha chaneli hata moja, yaani rangi moja ya mwanga inayobeba data ndani ya faiba. Hakuna aliyejua faiba yenyewe ilikuwa katika hali gani. Kila programu ilipopendekeza jambo, wahandisi waliogopa kubonyeza, na walikuwa na haki ya kuogopa.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia shimoni. Nimewaandikia wenzangu wa kampuni ndogo za mawasiliano, zile zenye wahandisi wawili watatu na jenereta moja inayogombaniwa. Mfano wangu ni njia ya Lubumbashi–Likasi–Kolwezi, kusini-mashariki mwa Kongo (DRC), takriban kilomita 300 za barabara. Urefu na upotevu wa vipande nitakavyotaja ni wa mfano; weka vipimo vyako.

Kinachonyumbulika ni nini hasa

Ni vitu vitatu, na usivichanganye, kwa sababu wauzaji hupenda kuviuza kwa jina moja.

Cha kwanza ni transponda, kifaa kinachogeuza umeme kuwa mwanga. Leza yake inaweza kuhamia rangi yoyote ya ukanda wa C (kundi la rangi linalotumiwa na faiba za masafa marefu), na kila alama inayotumwa inaweza kubebeshwa biti chache au nyingi: QPSK hubeba 2, 16QAM hubeba 4, 64QAM hubeba 6. Fikiria baiskeli za makala zinazoingia mjini alfajiri. Ukiipakia magunia mawili inapita popote. Ukiipakia matano inataka barabara nzuri na mwendeshaji anayejua kila shimo. Alama zenye biti nyingi hukaribiana mno, na kelele kidogo tu inatosha kuzichanganya.

Cha pili ni upana wa chaneli. Zamani ukanda uligawanywa kila GHz 50, kama maegesho yaliyochorwa mistari: teksi na lori wanapewa nafasi sawa, na lori refu halipati pa kuingia. Toleo la 2012 la kiwango cha ITU-T G.694.1 liliruhusu maegesho yasiyo na mistari. Upana hukatwa kwa mafungu ya GHz 12.5, na katikati ya chaneli husogezwa kwa hatua za GHz 6.25 kutoka THz 193.1.

Cha tatu ni mwelekeo. Kwenye njia panda za mwanga huwekwa ROADM, na ndani yake swichi iitwayo WSS inayoamua rangi hii iende Kolwezi, ile ishuke hapa, nyingine izibwe. Yote kwa amri, bila mtu kugusa waya.

Hatua ya 1: tembea njia

Chukua gari, chukua fundi mzee anayekumbuka kebo ilizikwa lini, nendeni polepole. Mimi nilikwenda na papa mmoja aliyekuwa amechimba nusu ya njia ile kwa mikono yake. Ofisini tulikuwa na ramani yenye mistari miwili, mmoja wa bluu na mmoja wa kijani, njia kuu na njia ya akiba. Tulipofika karibu na daraja moja kabla ya Likasi alishuka, akafunua kifuniko cha chemba, akanitazama kwa huruma.

"Mukubwa," akasema, "kamba ziko mbili, lakini shimo iko moya."

Kilomita nne nzima. Katapila moja lingekata bluu na kijani kwa pigo lile lile, na programu ingeendelea kusema tumelindwa, kwa kuwa ndivyo tulivyoiambia. Kwa hiyo jambo la kwanza la kuandika kwenye daftari lako la mtandao ni vitu ambavyo kebo zinachangia: mtaro, daraja, nguzo, chemba, hata kibanda chenye umeme mmoja. Kila kimoja kipe namba. Baadaye kidhibiti, yaani programu inayoongoza mtandao, kitakapotafuta njia mbili zisizokufa pamoja, kitatafuta kwa namba hizo, na usipozitoa kitakutafutia njia mbili zinazolala kitanda kimoja.

Baada ya kutembea, pima. Tumia OTDR, kifaa kinachotuma mwanga na kusoma mwangwi wake, kwa urefu wa wimbi wa nm (nanomita) 1550 na pia nm 1625. Kebo iliyokunjwa au kubanwa huonekana zaidi kwenye urefu mkubwa wa wimbi, kwa hiyo sehemu inayopoteza kidogo kwa 1550 na sana kwa 1625 ni mkunjo, nenda kaukunjue. Pima kutoka pande zote mbili, kisha chukua wastani. Wengine hupima upande mmoja kuokoa siku, halafu wanakuta kiungo "kinachoongeza" mwanga. Kiungo hakiongezi mwanga hata siku moja. Faiba mbili tofauti zimeunganishwa na moja inarudisha mwangwi mwingi kuliko mwenzake, basi kifaa kinadanganyika. Upande wa pili kiungo hicho hicho kitaonekana kibaya kuliko kilivyo.

Konekta nitazisemea peke yake, kwa sababu zimenila usingizi kuliko kitu kingine chochote. Kiini cha faiba ya masafa marefu kina upana wa maikromita 9 hivi. Mwezi wa nane na wa tisa, kabla mvua hazijaanza, vumbi jekundu la huku liko kwenye chai, liko kwenye kola ya shati, liko ndani ya raki. Chembe moja inatosha kufunika kiini. Tazama kwa darubini ya konekta kabla ya kuchomeka: unataka duara safi lenye kijiduara katikati, bila doa wala mkwaruzo. Doa likiwepo, safisha kwa kitambaa kikavu cha kazi hiyo, tazama tena, ndipo uchomeke. Ukichomeka konekta chafu kwenye tundu la amplifaya (kifaa cha kuongeza nguvu ya mwanga njiani) lenye nguvu, uchafu unaungua na kuganda juu ya kioo, na hapo hakuna kusafisha tena. Usichanganye ya kijani na ya bluu pia. Ya kijani imekatwa kwa mshazari wa nyuzi 8, ya bluu imenyooka. Zinaingiana vizuri tu, ndiyo shida yake. Na usitazame ndani ya konekta kwa jicho: mwanga huu hauonekani, na jicho halitakuonya.

Hatua ya 2: piga hesabu kwa mkono mara moja

Baadaye programu itakupigia hesabu hii kila siku, lakini mtu asiyewahi kuipiga mwenyewe hajui lini programu inasema upuuzi.

Unachotafuta ni uwiano wa mwanga kwa kelele mwishoni mwa njia, ule unaoandikwa OSNR. Kila amplifaya huongeza mwanga na kuongeza kelele yake pia. Kwa kila kipande, kanuni ya haraka ni 58, jumlisha nguvu ya chaneli kwa dBm (desibeli ukilinganisha na miliwati moja), toa upotevu wa kipande na kelele ya amplifaya, vyote kwa dB (desibeli).

Tuseme chaneli inatoka na dBm 1, na amplifaya zina kelele ya dB 5.5. Lubumbashi–Likasi, faiba ya km 125 kwa 0.22 dB kila kilomita, pamoja na viungo na konekta, inapoteza dB 29. Kutoka Likasi hadi Fungurume dB 21. Kutoka Fungurume hadi Kolwezi dB 25.5. Kipande cha kwanza kinakupa 24.5, cha pili 32.5, cha tatu 28. Usizijumlishe hivyo zilivyo. Zigeuze kutoka desibeli kuwa namba za kawaida, jumlisha kelele, rudisha. Utapata karibu dB 22.4.

Sasa angalia hapo vizuri. Zaidi ya nusu ya kelele yote ya njia inatoka kwenye kipande kimoja, cha Lubumbashi–Likasi. Ukipata kibanda katikati yake na kuweka amplifaya, kile kipande cha dB 29 kinakuwa viwili vya 14.5, na jumla ya njia inapanda hadi karibu dB 26.2. Umepata karibu dB 4 kwa kibanda kimoja, betri na mlinzi. Hakuna programu duniani itakayokupa dB 4.

Toa akiba. Mimi hutoa dB 3, na kwenye barabara inayojengwa natoa zaidi, kwa sababu kila kebo ikikatwa inarudi na viungo viwili vipya na mita kadhaa za ziada. Kwa hiyo bila kibanda una 19.4 ya kufanyia kazi, na ukiwa na kibanda una 23.2. Linganisha na karatasi ya mtengenezaji. Kwa transponda ndogo za kizazi cha OpenZR+, gigabiti 100 hutaka karibu dB 12.5, 200 karibu 16, 300 karibu 21, 400 karibu 24. Bila kibanda unauza 200, na kibanda kinakupandisha hadi 300. Hiyo ndiyo lugha ya kumpelekea mkurugenzi wa fedha.

Kishawishi cha kuongeza nguvu ya leza kitakujia. Kuna mpaka: zaidi ya hapo kioo chenyewe huanza kuuvuruga mwanga, chaneli zinachafuana, na unachopata kwa nguvu unakipoteza kwa vurugu. Kutafuta mpaka huo kwa mkono kunachosha, na hapa ndipo ninaiheshimu programu. GNPy, iliyozaliwa ndani ya Telecom Infra Project, ni ya bure, imeandikwa kwa Python, na inahesabu kelele ya amplifaya pamoja na vurugu za kioo. Ilishe vipimo vyako vya hatua ya 1. Ikikupa jibu lililo mbali sana na la mkono, tafuta aliyekosea. Kwangu, mara nyingi alikuwa aliyeandika urefu wa barabara badala ya urefu wa faiba.

Hatua ya 3: nunua kidogo, nunua wazi

Si kila kibanda kinahitaji ROADM. Mahali ambapo mwanga haugawanyiki, weka amplifaya tu. Katika mfano wetu ningeweka ROADM Lubumbashi na Kolwezi, Likasi ikiwa kuna wateja wa kutosha, na Fungurume ningeacha amplifaya hadi siku mteja wa huko atakapolipa. Lakini hata ukianza na chaneli za GHz 50, dai WSS inayokata kwa GHz 12.5. Kuibadilisha baadaye ni kuzima njia nzima.

Kwa Kasumbalesa, mpakani na Zambia, nitasema jambo ambalo wauzaji hawatalipenda: ni kama kilomita 90 kutoka Lubumbashi, ni moja kwa moja, haina njia panda. Transponda ndogo ya 400ZR, kiwango kilichotolewa na OIF mwaka 2020, huchomekwa ndani ya rauta yenyewe na imekusudiwa vipande vya hadi km 120 vyenye amplifaya. Huhitaji mtambo mwingine. Angalia tu joto la rauta, maana kila moja inakula karibu wati 15 au zaidi, na angalia nguvu inayotoka: za kawaida hutoa karibu dBm −10, ni dhaifu mno kupitishwa kwenye ROADM bila kusaidiwa. Ziko zenye nguvu zaidi; taja hilo kwenye oda kwa maandishi.

Kwa muuzaji yeyote uliza haya kabla ya bei. Je, kifaa kinazungumza NETCONF (itifaki ya kuamrisha vifaa) kwa modeli za YANG (maelezo ya mipangilio ya kifaa) zilizo wazi, OpenConfig au OpenROADM, na je, leseni yake inalipiwa kando? Je, kinapokea mwanga wa transponda ya mtengenezaji mwingine? Je, kikizimwa na kuwashwa kinarudi kilipokuwa, au kinasubiri kuambiwa? Hili la mwisho Lubumbashi ni la kufa na kupona. WSS nyingi za fuwele kimiminika huziba mwanga umeme ukikatika. Delestaji, mgao wa umeme, ikiingia saa moja usiku, betri zikaisha saa nne, hakuna akili ya programu itakayopitisha mwanga kwenye kibanda kilicholala. Fedha ya kwanza inayobaki, iende kwenye betri za volti 48.

Kuhusu maegesho yasiyo na mistari, jiwekee mistari yako mwenyewe. Ukiacha kila mhandisi akate upana anaopenda, baada ya mwaka ukanda unakuwa na vipenyo vya GHz 12.5 hapa na 25 pale, jumla nafasi kubwa, lakini hakuna lori linaloingia. Sisi tuliamua GHz 75 ndiyo kipimo, na anayehitaji kidogo anapewa 37.5 akisubiri jirani wa kulijaza lile fungu. Ukanda wa GHz 4800 unakupa chaneli 64 za aina hiyo.

Hatua ya 4: hakikisha unaweza kufika kifaa kikiwa kimekosea

Vifaa vya njia huzungumza kupitia chaneli ya usimamizi inayotembea ndani ya faiba ile ile, kwa kawaida nm 1510, nje ya ukanda wa wateja. Inatosha siku za amani. Kebo ikikatika, nayo inakatika, na vifaa vya ng'ambo ya mkato huvioni tena. Weka njia ya pili ya kufika: modemu ya 4G ya kampuni isiyotumia mtaro wako, au satelaiti kwa kibanda cha mbali kabisa. Niliwahi kubadilisha anwani ya lango kwenye kibanda kimoja nikiwa nimeingia kupitia lango hilo hilo. Skrini ikaganda. Nikawasha gari saa sita usiku.

NETCONF husikiliza kwenye bandari 830 juu ya SSH. Isionekane kutoka intaneti ya wazi, hata kwa siku moja ya majaribio.

Na saa. Nchi yetu ina majira mawili: Lubumbashi iko saa mbili mbele ya UTC, Kinshasa na Muanda saa moja. Usiku wa hitilafu iliyogusa pande zote mbili tulitafuta kwa dakika arobaini tukio lililokuwa mbele ya macho yetu, kwa sababu kumbukumbu za Magharibi zilikuwa zimeandikwa saa ya kule. Vifaa vyote viwe UTC. Ugeuze kichwani.

Hatua ya 5: ipe programu macho tu

Sasa unganisha kidhibiti, lakini kwa akaunti ya kusoma peke yake. Miezi mitatu, isipungue. Kikusanye nguvu ya kila chaneli kila amplifaya, ongezeko la kila amplifaya, na juu ya yote kiwango cha makosa ya biti kabla ya usahihishaji. Mteja haoni makosa hayo, kwa kuwa transponda inayasahihisha. Lakini uwezo wa kusahihisha una ukingo: mteja anaona kila kitu kizuri, kizuri, kizuri, halafu hakuna. Kipimo hiki ndicho kinachokuambia uko umbali gani na ukingo huo.

Tulipofungua macho tuliona mambo mawili katika mwezi wa kwanza. Amplifaya moja ilikuwa imewekewa ongezeko la dB 3 pungufu tangu siku ya kuwashwa, na hakuna aliyejua kwa sababu gigabiti 100 zilikuwa zinapita. Na karibu na daraja lile lile la papa, upotevu ulipanda dB 2 kwa siku nne, taratibu. Tulituma mtu: wajenzi walikuwa wameegemeza jiwe juu ya kebo. Liliondolewa kabla ya kukata.

Wakati huohuo hakiki modeli. Kwenye OpenConfig chaneli ya mwanga ina sehemu tatu utakazozigusa kila siku: frequency, inayoandikwa kwa MHz, yaani 193100000 badala ya 193.1, target-output-power, na operational-mode. Hii ya tatu ni mtego. Ni namba tu, na kila mtengenezaji ana orodha yake: 5 ya huyu ni 400 kwa 16QAM, 5 ya yule ni kitu kingine kabisa. "Wazi" haimaanishi "sawa". Tengeneza jedwali lako la namba hizo kwa kila kifaa na kila toleo la programu yake, ulihifadhi mahali pamoja na mipangilio mingine.

Hatua ya 6: sasa mikono

Anza mezani. Transponda mbili, amplifaya moja, gurudumu la faiba ya km 50, ofisini, karibu na feni. Kila amri itakayokwenda Kolwezi ifanyike hapo kwanza.

Ukienda kwenye mtandao hai, tumia uthibitisho wenye muda, ambao NETCONF inao ndani yake tangu RFC 4741 (waraka wa kiwango chake) ya 2006: unaandika mabadiliko pembeni, unaagiza kifaa kiyakague, kisha unayawasha kwa masharti. Usipothibitisha tena kabla ya muda kwisha, kifaa kinarudi kilipokuwa chenyewe. Usipotaja muda, ni sekunde 600. Ile safari yangu ya saa sita usiku ingekuwa dakika kumi za kungoja kitini. Uliza kama kifaa chako kinatangaza uwezo huo, si vyote. Na usifupishe muda sana: leza ikihamia rangi nyingine inaweza kuchukua makumi ya sekunde kutulia, na ukiweka sekunde 30 kifaa kitarudi nyuma wakati mwanga unakaribia kusimama.

Chaneli mpya iingie pole pole. Amplifaya hugawana nguvu kati ya chaneli zilizopo. Ukiingiza nane kwa mkupuo, au kebo ikikatika na kuondoa nane kwa mkupuo, zilizobaki zinaruka juu au chini kabla amplifaya haijajirekebisha, na mteja asiyehusika anaumia. Fungua WSS kwa dB chache, tazama majirani, ongeza. Wengine hujaza nafasi tupu kwa mwanga wa kelele ili njia ionekane imejaa siku zote, na chaneli mpya inachukua tu nafasi ya kelele. Ni ghali kidogo. Kwa njia yenye mikato mingi ningelipa.

Kubadilisha modulesheni, yaani idadi ya biti kwa kila alama, kunakata huduma, sekunde au dakika, kulingana na kifaa. Kwa hiyo yule wa Kolwezi utampa Jumatatu, ndiyo, lakini Jumatatu saa nane usiku, na kwa barua.

Anayeomba badiliko asiwe anayeliidhinisha. Hata kama mko wawili tu ofisini.

Hatua ya 7: kuhama njia, na kurudi

Kuna aina mbili za kujiokoa, na wateja huzichanganya wakati wa kutia sahihi. Ulinzi ni mwanga uliotumwa tayari njia mbili. Mpokeaji anahama ndani ya milisekunde 50 hivi. Kuhama kwa ROADM ni kidhibiti kutafuta njia, kufungua WSS, kusawazisha nguvu, kusubiri leza: sekunde kadhaa, mara nyingi dakika. Benki inayolipia ulinzi ipewe ulinzi. Wengine wahamishwe.

Njia ya akiba karibu kila mara ni ndefu, basi OSNR yake ni ndogo. Chaneli ya 300 iliyokuwa inapumua vizuri njia kuu haitasimama kwenye mzunguko. Transponda itabidi ishuke hadi 200 au 100. Hapo gigabiti 100 au 200 hazina pa kwenda. Amua leo nani anaachwa, kwa jina la mkataba, na iandike kwenye kidhibiti kama kipaumbele, kwa sababu usiku wa tukio kila mteja ni wa kwanza. Hesabu na ucheleweshaji: mwanga ndani ya kioo hutumia maikrosekunde 5 kila kilomita, kwa hiyo mzunguko wa km 1000 zaidi ni milisekunde 5 kwenda na 5 kurudi. Wengi hawataona. Mgodi unaoendesha mitambo kutoka mbali unaweza kuona, uliza.

Kurudi kwenye njia kuu usikuachie mashine. Mafundi wakiwa bado chemba, mwanga ukionekana tu, kidhibiti chenye haraka kitarudisha kila kitu, halafu mtu anavuta kebo kuipanga vizuri na wote wanaanguka tena. Weka kurudi kwa mkono. Subiri simu ya papa aliyeko shimoni aseme amefunga kifuniko. Mwambie apime kabla hajaondoka, pande zote mbili, 1550 na 1625. Viungo vipya viwili viingie daftarini usiku huo huo, hesabu ya hatua ya 2 ipigwe upya, na kama akiba imeshuka chini ya dB 3, chaneli ya 300 irudi ikiwa 200, na Ijumaa mwenyewe umpigie mteja wa Kolwezi kabla hajakupigia.